SOMO LA MWEZI: KUTOTOLESHA VIFARANGA NYUMBANI KWA MASHINE

Soma kwanza: Mathayo 23:37, Ayubu 39:13-17, Luka 14:28-30

Somo hili ni kwa ninyi mnaokaa hapa Kigali, Nyamirambo, Gatenga, Kimironko na kwingineko, pamoja na ndugu zetu wa Kiziba, Nyabiheke, Kigeme, Mugombwa na Mahama ambao karatasi hizi huwafikia kwa mkono wa wasafiri.

Akina mama wa ikimina cha kanisa (wengine bado tunasema likelemba, kama kule nyumbani) wameleta swali mbele ya wazee. Wanataka kuchukua akiba yao ya mwaka mzima na kununua mashine ya kutotolea vifaranga, ile ambayo Wanyarwanda huiita ituragiro, na sisi tuliotoka Kongo tunaiita kuvezi. Wameambiwa kwamba ukitia mayai 60 utapata vifaranga 60 baada ya wiki tatu, na kwamba pesa itarudi mara moja. Wameniomba niandike somo juu ya jambo hili kabla hawajaamua. Fedha hiyo ndiyo karo ya watoto na kodi ya nyumba, hivyo tuchukue muda.

Bwana wetu katika Luka 14 anasema juu ya mtu atakaye kujenga mnara, kwamba huketi kwanza akahesabu gharama. Mashine hii ni mnara mdogo.

MAMA KUKU NA MBUNI

Yesu alipoulilia Yerusalemu alijifananisha na kuku anayekusanya watoto wake chini ya mabawa. Kila aliyelelewa kijijini anaelewa mfano huo bila kufafanuliwa. Lakini soma pia Ayubu 39, juu ya mbuni anayeacha mayai yake mchangani yapate joto la ardhi, wala hafikiri kwamba mguu unaweza kuyakanyaga. Ninaweka sehemu hizi mbili pamoja kwa sababu mashine haina moyo wa kuku. Ina joto tu, kama mchanga wa mbuni. Kazi ile nyingine yote, ya kugeuza, kulinda, kusikiliza na kukusanya, inabaki kwa mwenye mashine. Anayenunua mashine ameajiriwa kuwa kuku kwa siku 21, usiku na mchana, na kisha kuwa mama wa vifaranga kwa wiki sita.

Jambo lenyewe si geni duniani. Misri, nchi ile ile ambayo Yusufu na Mariamu walimkimbizia mtoto Yesu, walikuwa wakitotolesha mayai bila kuku karne nyingi kabla ya kuzaliwa kwake. Aristotle, mwanafalsafa wa Wayunani, aliandika kwamba Wamisri walifukia mayai katika chungu ya samadi. Baadaye walijenga matanuri ya matofali ya udongo yenye kubeba maelfu ya mayai, wakiyapasha kwa moto wa samadi na majani makavu. Hawakuwa na kipimajoto. Fundi aliliweka yai juu ya kope ya jicho lake akajua kama ni la moto kupita kiasi au la. Mfaransa Réaumur aliposikia habari za matanuri hayo alijaribu kuyaiga huko Ulaya, akaandika kitabu mwaka 1749. Mwaka 1879, huko Petaluma katika jimbo la California, Lyman Byce alitengeneza mashine ya sanduku yenye taa, na kutoka hapo mashine za nyumbani zikaenea. Hapa Kigali serikali ina kituo chake cha kutotolesha huko Rubirizi, upande wa Kanombe.

Nimeyasema haya ili mtu asidhani kuna uchawi ndani ya sanduku. Ni joto, unyevu, hewa na kugeuza.

YAI LENYEWE

Hasara nyingi huanza kabla mashine haijawashwa, kwa sababu mtu amenunua mayai mabaya. Mayai ya dukani, yale ya trei yanayotoka kwa wafugaji wakubwa wa kuku wa mayai, hayana mbegu, maana kuku wale hawakai na jogoo. Unaweza kuyapasha joto mpaka mwaka uishe. Mayai ya sokoni, hata yakiwa ya kienyeji, hujui yametagwa lini, wala kama yamekaa juani Nyabugogo siku tatu.

Nunua yai kwa mtu unayemjua, mwenye jogoo mmoja kwa tetea wanane hadi kumi, na kuku wake wawe wazima. Angalia jogoo asiwe ndugu wa matetea hao. Kuku aliyepandwa huhifadhi mbegu mwilini mwake kwa muda wa wiki mbili hivi, kwa hiyo ukibadilisha jogoo leo, mayai ya kesho bado ni ya yule wa zamani.

Na hapa niseme neno juu ya kuku chotara, Sasso na Kuroiler, ambao watu wanawapenda kwa sababu wanakua upesi. Ni kuku wazuri. Lakini ukichukua mayai yao ukayatotolesha mwenyewe, watoto hawatafanana na wazazi. Wengine watakuwa wadogo, wengine wakubwa, utagaji wao utapungua. Mwenye kuwauzia wengine vifaranga hao kwa jina la Sasso anasema uongo, hata kama mama yao alikuwa Sasso kweli.

Chagua yai la ukubwa wa kati, lenye umbo la kawaida, lisilo na ufa. Usiliweke kubwa mno, maana mara nyingi lina viini viwili. Usilioshe. Ganda lina matundu madogo sana kwa maelfu, na maji baridi hufanya yai livute uchafu ndani. Likiwa chafu kidogo, lipanguse kwa kitambaa kikavu. Likiwa chafu sana, lipeleke jikoni. Hifadhi mayai mahali penye ubaridi wa kadiri, nyuzi 13 hadi 18, ncha kali ikitazama chini, na yasipite siku saba. Nyumba yetu ya bati mchana hufika joto kubwa, basi yaweke chini sakafuni, ndani ya boksi, mbali na jiko. Baada ya wiki moja, kila siku inayoongezeka inapunguza idadi ya watakaotoka.

JOTO

Mashine yenye feni inatakiwa kuwa nyuzi 37.5 za Selsiasi muda wote. Ile isiyo na feni, hewa yake haichanganyiki, juu kuna joto na chini kuna baridi, kwa hiyo hupimwa usawa wa migongo ya mayai na inatakiwa 38.5 hadi 39 hapo. Watu wengi wanasoma namba 37.5 katika kijitabu bila kuuliza ni ya mashine gani.

Kosa la baridi na kosa la moto si sawa. Yai likishuka hadi nyuzi 35 kwa saa chache, kifaranga anachelewa tu. Likipanda kupita 40 kwa saa chache, unaweza kukuta wote wamekufa. Kuku mwenyewe huondoka kiotani robo saa au zaidi kila siku kwenda kula na kunywa, na mayai yanapoa kidogo bila madhara. Lakini hakuna kuku anayeyachoma mayai yake. Kwa hiyo mwenye wasiwasi afadhali akosee upande wa baridi.

Usiamini kipimajoto kilichokuja na mashine mpaka umekijaribu. Njia rahisi ni kuazima kipimajoto cha kupimia homa, ukakiweka pamoja na kile cha mashine katika kikombe cha maji ya vuguvugu ya nyuzi 37 au 38, ukalinganisha. Vitabu vingine husema ujaribu kwa maji yanayochemka, eti ni nyuzi 100. Hiyo ni kwa watu wa pwani. Kigali iko juu karibu mita 1,500, na hapa maji huchemka karibu nyuzi 95. Kipimajoto chako kizuri ungekitupa bure.

Kimo hiki kinafanya jambo lingine pia. Hewa ni nyepesi, oksijeni ni kidogo kuliko pwani, na maji hutoka katika yai upesi zaidi. Ndiyo maana usizibe matundu ya hewa ya mashine kwa kuogopa baridi, hasa wiki ya mwisho vifaranga wanapohitaji kupumua. Ndugu zetu waliokaa Gihembe wanakumbuka baridi ya Byumba, zaidi ya mita 2,000. Kambi ile ilipofungwa mwaka 2021 wakapelekwa Mahama, karibu na mto Akagera, ambako ni chini zaidi na joto ni kali. Sanduku lile lile lililokuwa linapambana na baridi ya Byumba usiku litapambana na jua la Mahama mchana. Chumba cha mashine kiwe kile ambacho joto lake halibadiliki sana, kisicho na jua dirishani wala upepo wa mlangoni. Mara nyingi ndicho chumba cha kulala, na hapo baba na mama wakubaliane kwanza.

UMEME

Hapa ndipo ninaona hatari kubwa kuliko zote, tukae kidogo.

Tufanye hesabu. Mashine ndogo ya mayai 60 iliyotengenezwa na fundi kwa kawaida hutumia balbu. Tuseme balbu ni ya wati 60 na kwamba kidhibiti joto kinaiwasha nusu ya muda. Hiyo ni wastani wa wati 30. Kwa saa 24 ni wati-saa 720, na kwa siku 21 ni wati-saa 15,120, yaani yuniti 15 za Cash Power na kidogo juu. Si nyingi. Tatizo haliko katika gharama. Tatizo ni pale Cash Power inapoisha saa nane usiku na maduka yamefungwa, au umeme wa mtaa mzima unapokatika. Waliokuwa hapa mwaka 2004 wanakumbuka mgao wa umeme, maji ya maziwa Burera na Ruhondo yalipopungua na mitambo ya Ntaruka na Mukungwa ikakosa nguvu. Siku hizi hali ni bora sana kuliko wakati ule, lakini mayai hayajui wastani wa mwaka. Yanajua usiku mmoja.

Kabla ya kutia mayai, nunua yuniti za siku zote 21 kwa pamoja, na zaidi kidogo. Mwenye kupanga nyumba anayechangia mita moja na majirani azungumze nao kwanza, maana mita ikizimika kwa sababu jirani amepiga pasi, huwezi kumlaumu.

Umeme ukikatika, usifungue mashine kuangalia. Funika sanduku kwa blanketi, ukiacha matundu ya hewa wazi. Ikipita saa moja na chumba ni baridi, jaza chupa za plastiki maji ya moto (si ya kuchemka), zifunge kwa kitambaa, ziweke ndani pembeni bila kugusa mayai, uzibadilishe zinapopoa. Wiki ya kwanza mayai hayana joto lake mwenyewe, yanapoa haraka. Wiki ya tatu vifaranga ndani wanatoa joto wao wenyewe, na hapo hatari inageuka: sanduku lililojaa na kufunikwa sana linaweza kuwakosesha hewa. Giza la saa tatu au nne mara nyingi si mwisho. Endelea, usiyatupe.

Jihadharini na balbu. Zile za kisasa zinazookoa umeme hazitoi joto la kutosha, na madukani sasa ndizo zinazojaa. Mashine ya balbu inahitaji zile za zamani zenye waya ndani, na uwe na mbili za akiba ndani ya nyumba. Weka mbili zikiwaka kwa pamoja badala ya moja kubwa. Moja ikiungua usiku, nyingine itashikilia kidogo.

Kwa ndugu wa kambini walio na sola ndogo ya taa na simu: haitabeba. Ile hesabu ya 720 kwa siku inaizidi mara nyingi. Kuna masanduku ya taa ya mafuta, kama yale ya zamani, na yanafanya kazi, lakini moto ndani ya nyumba ya turubai au ya udongo iliyobanana na nyingine ni jambo ambalo siwezi kulishauri. Kwenu ninayo njia nyingine, itakuja mbele.

MAJI NA KUGEUZA

Weka bakuli la maji ndani ya mashine. Siku 18 za kwanza unyevu uwe asilimia 50 hadi 55, na siku tatu za mwisho 65 hadi 70. Asiye na kipimo cha unyevu anaweza kutumia mizani ndogo ya jikoni. Yai likikaa vizuri hupoteza karibu asilimia 12 ya uzito wake kufikia siku ya 18. Andika uzito kwa penseli juu ya ganda siku ya kwanza. Yai la gramu 50 liwe karibu gramu 47 siku ya tisa, na gramu 44 siku ya 18. Likiwa limepungua zaidi, ongeza maji. Likiwa halijapungua, punguza bakuli. Mimi naona mizani ni mwaminifu kuliko vile vipimo vya unyevu vya bei rahisi.

Kugeuza ni kwa sababu mtoto ndani ya yai, akikaa upande mmoja, hushikamana na utando wa ganda akafa. Chora msalaba upande mmoja na duara upande mwingine. Geuza mara tatu au tano kwa siku. Namba iwe isiyogawanyika kwa mbili, ili ule muda mrefu wa usiku usikute yai upande ule ule kila siku. Nawa mikono kwanza. Kama mashine inageuza yenyewe, bado uangalie kwa macho kwamba imegeuza.

Siku ya saba, usiku, chukua tochi ya simu, tengeneza tundu katika boksi, ulipitishe kila yai. Lenye uhai lina doa jeusi lenye mishipa myekundu kama miguu ya buibui. Lililo wazi kabisa halikuwa na mbegu. Lenye pete ya damu, mtoto alikufa mapema. Haya mawili ya mwisho yatoe, maana yakikaa huoza na kupasuka, na yai viza likipasuka ndani linaharibu mengine. Rudia siku ya 14.

Na yale yasiyo na mbegu yaliyotolewa siku ya saba? Nimesikia kwamba wengine huyarudisha katika trei na kuyapeleka sokoni. Mkristo asifanye hivyo. Yai lililokaa siku saba katika joto la nyuzi 37 si yai jipya, na mnunuzi analipa bei ya yai jipya. Yeremia 17:11 inamfananisha mwenye kupata mali isivyo haki na kware alaliaye mayai asiyoyataga. Someni wenyewe mwisho wake.

SIKU TATU ZA MWISHO

Siku ya 18 acha kugeuza, laza mayai, ongeza maji, funga. Kuanzia hapo, mikono mbali. Kifaranga anatoboa kwanza mfuko wa hewa ulio ndani, anaanza kupumua, na utamsikia akilia ndani ya yai. Kisha anatoboa ganda tundu dogo, halafu anapumzika. Anaweza kupumzika saa 12, hata 24. Watu wanakosa subira, wanafungua, wanambandua. Ukifungua, unyevu unatoka, utando unamkaukia mwilini kama karatasi, na wale wengine ambao hawajatoboa wanakwama. Yule unayembandua, damu yake bado iko katika mishipa ya ganda na kiini hakijaingia tumboni. Unamuua kwa huruma.

Waliotoka waache ndani mpaka wakauke manyoya. Hawana njaa, kiini cha yai kilichoingia tumboni kinawatosha siku mbili, hata tatu. Siku ya 23 ikifika, yaliyobaki yamekwisha.

Wangapi watatoka? Kwa mashine ndogo na mtu anayejifunza, mayai 60 yakitoa vifaranga 40 mshukuru Mungu. Sitini kwa sitini haipo, hata kwa makampuni makubwa. Na katika hao 40, karibu nusu ni majogoo.

BAADA YA KUTOKA

Kuku chini ya mabawa yake ana joto, na mashine imekwisha kazi yake. Sasa unahitaji mahali pa kulelea: mduara wa karatasi ngumu, maranda ya mbao chini, balbu juu. Wiki ya kwanza nyuzi 33 hadi 35, kisha punguza kama tatu kila wiki. Usiku wa Kigali hushuka hadi 15, basi usiwatoe taa kabla ya wiki ya tano. Vifaranga wenyewe ni kipimajoto: wakirundikana chini ya taa wanaona baridi, wakikimbilia pembeni wakipanua mabawa wanaona joto, wakitawanyika wakila ni sawa. Wape maji kwanza, katika chombo chembamba wasizame, kisha chakula cha vifaranga.

Neno zito kwa wazazi. Usitumie mbabula yenye makaa ndani ya chumba kilichofungwa ili kuwapasha vifaranga. Makaa yanatoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi. Inaua vifaranga, na inaua watoto wako waliolala chumba hicho hicho. Jambo hili limetokea katika nyumba nyingi za Afrika na litatokea tena. Na watoto wasiwabusu vifaranga wala kula bila kunawa baada ya kuwashika, maana vifaranga hubeba vijidudu vya kuharisha.

Ugonjwa unaomaliza kuku kijiji kizima kwa wiki moja, Wanyarwanda wanauita umuraramo, Watanzania kideri. Hauna dawa, una chanjo tu. Ile ya I-2 ilitengenezwa kwa ajili ya mahali kama kwetu pasipo na barafu nyingi, inastahimili joto kuliko nyingine, nayo ni tone moja jichoni, kurudiwa kila miezi mitatu au minne. Chupa moja hutosha kuku wengi, ndiyo maana majirani wafanye siku moja kwa pamoja. Muulizeni veterineri wa sekta. Yupo kwa ajili ya wote wanaokaa katika sekta yake, na mkimbizi naye anakaa katika sekta. Mwulizeni pia juu ya Gumboro. Na kabla ya kuanza, kiongozi wa mudugudu ajue kwamba mnaleta kuku, maana jirani anayekosa usingizi kwa majogoo ishirini atakwenda kwake siku moja.

Sasa hesabu ambayo muuza mashine haisemi. Kifaranga wa kienyeji katika wiki nane za kwanza hula karibu kilo moja na nusu hadi mbili. Vifaranga 40 ni kilo 60 hadi 80, yaani zaidi ya gunia la kilo 50. Na tetea wa kienyeji ataanza kutaga akiwa na miezi sita hivi. Kama ikimina itamaliza fedha yote kwenye mashine, siku ya 22 mtakuwa na midomo 40 na mfuko mtupu, na mtawauza kwa haraka kwa bei yoyote, bila chanjo, kwa mjane mwenzenu ambaye watamfia wiki ijayo.

NJIA NYINGINE

Kwa ndugu wa kambini, na hata kwa akina mama wetu hapa, kabla ya mashine kuna kuku wenyewe. Chukueni tetea watatu au wanne walio wazuri wa kulalia. Wa kwanza akianza kuatamia, mwachieni yai moja au mawili ya uongo, mkikusanya yale mazuri mahali pa baridi. Mwingine akianza, naye vivyo hivyo. Wakifika watatu ndani ya siku chache, jioni moja ondoeni yale ya uongo na kumpa kila mmoja mayai 10 hadi 12 mapya. Baada ya siku 21 wote wanatotoa pamoja, vifaranga 25 au 30, bila yuniti hata moja. Vifaranga wote wapewe mama mmoja kwa usiku ule, au walelewe kwa taa, na wale wengine wawili wale vizuri, warudi kutaga mapema. Kuku anayelalia apewe maji na chakula karibu naye, anyunyiziwe dawa ya utitiri kabla hajaketi, wala asilazimishwe kulalia mara ya pili mfululizo akiwa amekonda.

Ushauri wangu kwa akina mama, mlioniuliza: msinunue mwaka huu. Fanyeni njia ya kuku watatu mara mbili, mkiandika katika daftari mayai yaliyowekwa, yaliyotoka, waliokufa na kwa nini, chakula na chanjo. Kama mara ya pili vifaranga wengi wamefikisha wiki nane, basi mnajua kulea, na mashine itawaongezea. Kama wanakufa, mashine itawaongezea wa kufa. Mkija kununua, mashine isizidi theluthi ya fedha ya kikundi. Zinazobaki ni chakula, chanjo na yuniti. Na mwandike mapema itakaa kwa nani, nani anaamka usiku wa kwanza, wa pili na wa tatu, na ikitokea familia ile imehamishwa au imepata safari ya ng'ambo, mashine inabaki kwa kikundi. Tumeona vikundi vikivunjika kwa vitu vidogo kuliko hicho.

MASWALI YA VIKUNDI VYA NYUMBANI

1. Soma Ayubu 39:13-17. Ni kazi zipi za mama kuku ambazo mashine haiwezi kuzifanya, na nani katika nyumba yako atazifanya saa nane ya usiku?

2. Katika mtaa wako, au katika kambi yako, ni nani mwenye jogoo na kuku wazima ambaye mnaweza kununua mayai kwake? Andikeni jina.

3. Fanyeni hesabu ya chakula cha vifaranga 25 kwa wiki nane kwa bei ya duka lenu la leo. Nani ataitoa fedha hiyo, na kutoka wapi?

4. Veterineri wa sekta yenu anaitwa nani? Kikundi kitakachokuwa cha kwanza kumtembelea kilete habari kwa wazee, tupange siku ya chanjo kwa pamoja.